Watoto Wafunzwe Maana ya Pasaka, Si Tarehe Yake

Muulize mtoto wa shule ya msingi mjini Kitale au Bungoma Krismasi ni nini, naye atakujibu bila kusita: nguo mpya, chapati, kuku, soda na safari ya kwenda kwa nyanya. Muulize Pasaka ni nini. Aghalabu atanyamaza kidogo, kisha aseme kwamba ni zile siku nne za mapumziko, Ijumaa hadi Jumatatu. Akiwa mwanafunzi hodari ataongeza kwamba Yesu alikufa Ijumaa akafufuka Jumapili, na maneno hayo atayatamka kwa sauti ile ile anayoitumia kutaja mahali Mto Nzoia unapoanzia na unapoishia.

Si haki kumlaumu mtoto huyo. Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023, mtihani wa KCPE uliwapima watoto katika dini kwa maswali ya kuchagua A, B, C au D, na mwalimu aliyetaka darasa lake lifaulu alilazimika kufunza yale yanayoweza kuulizwa kwa namna hiyo. Nani alimsaliti Yesu? Kwa vipande vingapi vya fedha? Nani aliubeba msalaba? Mtihani huo umeondoka pamoja na mtaala wa 8-4-4 katika shule za msingi, lakini mazoea yake hayajaondoka. Mtaala wa Umilisi unadai mtoto aelewe na atende. Hata hivyo, ukiingia darasani wakati wa kipindi cha Elimu ya Dini ya Kikristo, bado utasikia orodha ikikaririwa.

Na Pasaka ndiyo sikukuu ambayo haifai kukaririwa hata kidogo. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, hakuficha jambo: kama Kristo hakufufuka, imani yote haina maana. Hakusema hivyo kuhusu kuzaliwa kwake. Mkristo anayemfunza mwanawe Krismasi kwa bidii na kuipitia Pasaka juujuu amejenga paa pasipo kuta.

Sababu moja ya Krismasi kujulikana ni kwamba ina wafadhili. Wenye maduka, redio, matatu na kampuni za soda huitangaza kuanzia Novemba. Pasaka haina mfadhili kama huyo katika sehemu zetu. Mayai ya chokoleti yamefika katika maduka makubwa ya Nairobi, lakini sijayaona katika soko la Chwele, nami siyangojei. Hii ni bahati ambayo hatujaitambua. Anayetaka kumfunza mtoto maana ya Krismasi hana budi kwanza kuondoa theluji ya pamba na yule mzee mwenye ndevu nyeupe. Anayetaka kumfunza Pasaka huanza na uwanja mtupu.

Basi kwa nini hatufaulu? Mimi ni mwanaisimu, na kila fundi huiona kasoro kwa jicho la kazi yake. Hata hivyo nitasema wazi kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni lugha. Kuanzia Gredi ya Nne mtoto hufunzwa dini kwa Kiingereza. Maneno mazito kabisa ya imani anayapokea katika lugha ambayo halili ndani yake wala haombi ndani yake. Akifika nyumbani huomba kwa Kiswahili au kwa Lubukusu. Hivyo anakuwa na dini mbili, moja ya daftari na nyingine ya magoti, na hizo mbili hazijuani.

Tuchukue jina la sikukuu yenyewe. Waingereza huiita Easter. Bede, mtawa mwanahistoria wa Uingereza wa karne ya 8, aliandika kwamba jina hilo limetokana na Eostre, mungu wa kike ambaye watu wa huko walimwadhimisha majira ya kuchipua. Iwe alisema kweli au la, na wataalamu wamebishana, neno hilo halimwambii mtoto wa Kitale chochote. Kitale iko karibu digrii moja tu kaskazini mwa Ikweta. Majira ya kuchipua baada ya theluji hayajulikani huko. Neno letu, Pasaka, lina asili yake katika Kiebrania, na ni neno lile lile linalotumika kwa karamu ya Waisraeli usiku walipotoka Misri. Kiingereza kina maneno mawili, moja la karamu ile na jingine la kufufuka kwa Yesu. Matokeo yake, mtoto husoma habari za Musa katika muhula mmoja na habari za msalaba katika muhula mwingine, wala hapati fununu kwamba ni hadithi moja. Kiswahili kimemfungia kamba hizo mbili pamoja tayari. Mwalimu anahitaji tu kuuliza: je, mbona Yesu na wanafunzi wake walikuwa wakila Pasaka kabla ya Pasaka?

Na swali ndilo asili ya sikukuu hii. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Waisraeli wanaagizwa kwamba watoto wao watakapowauliza maana ya ibada ile, wawaeleze yaliyotokea Misri. Mpaka leo katika nyumba za Wayahudi, usiku wa Pasaka, aghalabu ni mtoto mdogo kuliko wote mezani anayepewa kazi ya kuuliza usiku huo una tofauti gani na usiku mwingine. Yaani sherehe haiendelei mpaka mtoto aulize. Sisi tumeigeuza: tunamwambia mtoto akae kimya watu wazima waimbe, na baadaye tunamuuliza sisi, kwa alama.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili humpa mtoto bure. Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, na saa tisa akalia kwa sauti kuu na kukata roho. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, wakiwa na tafsiri ya zamani ya Kiingereza mikononi, giza hilo liliingia wakati gani. Wengi walijibu: saa kumi na mbili asubuhi. Walikuwa wameisoma saa ya sita kama asomavyo Mwingereza katika saa yake ya ukutani. Lakini kina mama wanaouza mboga kandokando ya barabara ya Kanduyi hawawezi kukosea hapo. Kwao saa sita ni jua la utosini, na saa tisa ni pale joto linapoanza kupungua. Wanahesabu saa kuanzia mapambazuko, kama walivyohesabu watu wa Yerusalemu wakati ule. Giza la saa sita! Mtoto anayeishi chini ya jua la Ikweta akiambiwa hivyo kwa lugha yake huelewa mara moja kwamba jambo la kutisha limetokea. (Wataalamu wanajua kwamba Injili ya Yohana inazihesabu saa zile kwa namna isiyolingana na ya Marko. Mjadala huo uachiwe vyuo. Haumhusu mtoto wa Gredi ya Tano.)

Watoto huuliza pia: tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili alfajiri ni siku tatu kivipi? Nimesikia walimu wakiwanyamazisha kwa kusema eti hilo ni fumbo la imani. Si fumbo. Ni hesabu ya watu waliojumlisha siku ya mwanzo na siku ya mwisho, na ambao siku yao ilianza jua lilipotua. Mwambao wetu unaijua hesabu hiyo: mtu wa Lamu akisema usiku wa Ijumaa kwa Kiswahili cha kale, anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Ndiyo maana maziko ya Yesu yalifanywa kwa haraka, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Mtoto akielezwa hivyo huridhika, tena hujifunza kwamba maswali yake hayaichafui imani.

Lakini lugha nayo huweza kupotosha. Neno kufufua mtoto wa Webuye huenda amelisikia zaidi katika mikutano ya siasa kuliko kanisani. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilipofungwa mwaka 2009, ahadi za kukifufua zilitolewa kampeni baada ya kampeni, na hata baada ya mitambo kuanza tena chini ya mwenye mali mpya mwaka 2016, mji haukurudi kuwa ulivyokuwa. Mtoto aliyekulia katika maneno hayo ana haki ya kudhani kwamba kufufua ni kuahidi, au kwamba ni kurudisha kitu cha zamani kikiwa na kutu yake. Mwalimu hana budi kulisafisha neno kabla ya kulitumia. Injili zinadai kitu tofauti na kurejea kwa hali ya jana. Lazaro alifufuliwa, na kwa mujibu wa mapokeo ya Kanisa akafa tena baadaye. Yesu, kwa imani ya Wakristo, alifufuka asife tena. Mtoto wa miaka 10 anaweza kabisa kuiona tofauti hiyo, mradi apewe mifano miwili aisimamishe kando kwa kando.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi, nalo ni majira. Chukua daftari la mahudhurio la darasa lolote la Bungoma usome majina. Wafula na Nafula walizaliwa wakati wa mvua. Wanjala na Nanjala, wakati wa njaa. Wekesa na Nekesa, wakati wa mavuno. Simiyu na Nasimiyu, wakati wa kiangazi. Hata Sikuku yumo, aliyezaliwa siku ya sikukuu. Darasa zima ni kalenda inayopumua. Krismasi huangukia kwa Simiyu, baada ya Wekesa kupita: mahindi yamevunwa, yamekaushwa, mengine yameuzwa, kuna fedha ya nguo na ya nyama. Pasaka huangukia kwa Wafula na Wanjala. Ghala linaelekea kuwa tupu, mvua ndefu zinaanza au zimeanza, na katika Trans Nzoia yote watu wanang'ang'ania mbegu na mbolea. Fedha iliyobaki haiendi kwa mshonaji, inaingia udongoni.

Ndiyo sababu Pasaka haina nguo mpya kwetu, na wazazi wengi huona haya kwamba hawana cha kuwapa watoto. Ningependa waone kinyume. Hakuna mahali pafaapo kumfunza mtoto maana ya sikukuu hii kuliko shamba la mahindi mwezi wa Aprili. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Yohana, alikieleza kifo chake kwa mfano wa punje inayoanguka ardhini na kufa ili izae. Paulo naye, alipoulizwa wafu watafufuka na mwili gani, aliwajibu watu kwa habari za mbegu. Mwalimu wa mjini Ulaya hulazimika kuotesha haragwe katika pamba mvua ili darasa lake lione. Mtoto wa Endebess au wa Kiminini ametembea nyuma ya mama yake akidondosha mbegu mbili mbili katika shimo, akifukia kwa mguu. Anajua kwamba ile iliyofukiwa ingeweza kuliwa jana usiku. Anajua maana ya kutoa kitu unachokihitaji na kukizika bila hakika ya mvua. Ni nani aliyewahi kumwambia kwamba hayo ni somo la dini? Tumemwachia kudhani kwamba dini iko ndani ya kitabu na kwamba kilimo ni adhabu ya likizo.

Kuna upande mwingine ambao walimu wengi huukwepa kwa sababu unaumiza. Kabla ya Jumapili kuna Ijumaa, na Ijumaa Kuu ni habari ya mtu asiye na hatia anayeuawa kwa amri ya serikali huku umati ukishangilia. Huwa tunawapa watoto habari hiyo kama kwamba umati ule ulikuwa wa Wayahudi tu, watu wa mbali, wabaya kwa asili. Si sahihi, na katika historia ya Ulaya uongo huo ulileta damu nyingi. Watoto wetu wenyewe wameuona umati. Wengine wamemwona mtu akidaiwa ni mwizi wa kuku, akavishwa tairi na kuchomwa, na majirani wanaoheshimika wakiwa katika kundi hilo. Katika Trans Nzoia na Bungoma, mapigano ya kikabila ya mwaka 1991 na 1992 yaliwafukuza watu katika mashamba yao, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 familia nyingi zililala katika uwanja wa maonyesho wa Kitale. Mlima Elgoni ulikuwa na machungu yake kati ya mwaka 2006 na 2008. Watoto wa siku zile sasa ni wazazi, na baadhi yao ni walimu. Wanafunza watoto wa waliowafukuza.

Katika darasa kama hilo, yale maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha waliomuua si shairi la kukariri. Ni jambo linaloweza kumfanya mwalimu ashindwe kuendelea na somo. Nafahamu kwa nini wengi huyapita haraka. Lakini tukiyapita, tunabaki na nini? Tunabaki na misumari, taji la miiba na mchoro wa kupaka rangi. Mtoto atakayeulizwa wazi, "Ungekuwa pale, ungesimama wapi?" atalala na swali hilo. Huenda siku moja, umati mwingine utakapokusanyika stendi, akakumbuka kwamba aliwahi kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya kifo ni mazito mno kwa watoto. Hoja hiyo imetoka mbali. Mtoto wa Kibukusu hafichwi matanga. Amekesha mazishini, amewasikia wazee wakizungumza, na akifa mzee wa heshima hujua kwamba watu watakusanyika kwa khuswala kumuse, ile hotuba ndefu ya mfariji anayesimulia asili ya jamii na kuwaliwaza walio hai. Kifo anakijua, asilolijua ni kwa nini wazazi wake, wanaolia hivyo mazishini, huimba kwa furaha asubuhi ya Pasaka. Hilo ndilo la kuelezwa.

Wala jamii hii haikosi ujuzi wa kumwandaa mtoto kwa siku moja kubwa. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, mvulana atakayetahiriwa huzunguka akipiga njuga na kuwaalika jamaa zake, hususan wajomba. Kabla ya alfajiri yenyewe amekwisha kuonywa, kuhojiwa, kufunzwa nyimbo, na kuambiwa maana ya matope atakayopakwa mtoni. Hakuna anayemkurupusha asubuhi na kumwambia kwamba leo ni tarehe fulani. Sizungumzii hapa ubishi wa makanisa kuhusu sherehe hizo, wala ulevi ulioziingilia. Nasema tu kwamba njia ya kufunza tunayo. Kwaresima ina siku 40, nazo ni nyingi kuliko zile ambazo mvulana huzunguka na njuga zake. Wakatoliki na Waanglikana wanazo tayari katika kalenda yao; kinachokosekana ni mtoto kushirikishwa ndani yake badala ya kupakwa majivu tu na kurudi kucheza.

Kwa Marafiki, yaani Makweka, ambao ni wengi Bungoma tangu misheni yao ilipoanza Kaimosi mwaka 1902 na kuenea kuelekea Lugulu, jambo hili lina ugumu wake. Waanzilishi wa madhehebu hayo katika Uingereza ya karne ya 17 walikataa kutukuza siku moja juu ya nyingine. Waliamini kila siku ni takatifu. Leo Marafiki wengi wa kwetu huiadhimisha Pasaka kama wenzao. Binafsi naona pingamizi la wazee wale lilikuwa na uzito, kwa maana siku ikishatukuzwa, ni rahisi kuiachia siku yenyewe kazi ya kuwa takatifu. Hata Elijah Masinde, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, alikuwa akiuliza swali lililo jirani na hili: kama imani ni lazima ije imevaa nguo za mgeni. Unaweza kuikataa njia aliyoishika. Swali lake halijazeeka.

Walimu wakumbuke pia kwamba si kila mtoto darasani ni Mkristo. Kuna Waislamu, kuna Mashahidi wa Yehova na Waadventista ambao wana msimamo wao kuhusu sikukuu, na Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kila mmoja. Kueleza Wakristo wanaamini nini ni kazi ya mwalimu. Kumtaka mtoto akiri si kazi yake.

Kazi hiyo nyingine ni ya wazazi, na hapa kalenda haitupi udhuru. Pasaka huhamahama kwa kuwa hufuata mwezi mpevu. Huweza kuangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, shule zikiwa bado hazijafunga muhula wa kwanza, na mwalimu aliweza kuwa na watoto mpaka Alhamisi Kuu. Mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20, na watoto walikuwa nyumbani tangu mapema mwezi huo, wakipalilia, wakitumwa posho, wakichunga ng'ombe. Mwaka wa namna hiyo hakuna mwalimu wa kulaumiwa. Ni baba au mama, jioni ya Ijumaa, taa ikiwa imewashwa na ugali ukingojwa, anayepaswa kuisimulia habari ile kwa lugha ya nyumba hiyo, kisha anyamaze amngoje mtoto aulize.